Kifafa, mabaka meupe na kipimo cha CT-Scan: mambo ambayo mzazi anapaswa kujua

Mtoto anayepata degedege mara kwa mara bila homa, na mwenye mabaka meupe ngozini, afikishwe kwa mtaalamu wa afya mapema. Dalili hizo zikiambatana, huenda chanzo ni tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe visivyo saratani katika ubongo, ngozi, figo na moyo. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya takriban 6,000 wanaozaliwa.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hausababishwi na kurogwa. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa ni wa kwanza kuupata katika familia zao. Mabaka yake yasichanganywe na ya ukoma: baka la ukoma aghalabu hupoteza hisia, la ugonjwa huu halipotezi. Hata hivyo, kuyatofautisha ni kazi ya mtaalamu.

CT-Scan hupitisha mionzi ya eksirei kuzunguka kichwa, kisha kompyuta huunda picha zinazoonesha ubongo kipande kwa kipande. Kwa mgonjwa, vivimbe vilivyoganda chokaa huonekana kama vidoa vyeupe kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo. Chokaa hiyo hujijenga kadiri mtoto anavyokua. Hivyo picha safi ya mtoto mchanga haiondoi shaka. Daktari anaweza kuagiza pia MRI, pamoja na uchunguzi wa macho, figo na moyo.

Kipimo hakiumi na huchukua dakika chache. Mtoto hutakiwa kutulia, na wakati mwingine hupewa dawa ya usingizi. Kwa kuwa kinatumia mionzi, hufanyika kwa agizo la daktari. Msindikizaji mjamzito atoe taarifa kabla ya kuingia chumbani.

Mkazi wa Nambilanje aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apelekwe Hospitali ya Wilaya ya Ruangwa, kisha apewe rufaa inapohitajika. Achukue barua ya rufaa, kadi ya kliniki, kadi ya bima kama anayo, na dawa anazotumia mtoto. Video ya degedege iliyorekodiwa kwa simu humsaidia sana daktari.

Wakati wa kusubiri kipimo, dawa za kifafa zisikatizwe. Degedege likitokea, mtoto alazwe ubavu na asiwekewe kitu mdomoni. Likizidi dakika 5, awahishwe hospitali bila kusubiri tarehe ya rufaa.