Kuosha Zege la Nje ya Nyumba (Sehemu ya Pili): Namba za Kwenye Boksi la Mashine ya Presha

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini zege la uani hugeuka kijani, kisha jeusi, kila masika yanapopita, hasa huku kwetu ukanda wa pwani. Ukoga huota palipo na kivuli na unyevu, ukajishikiza ndani ya vitundu vya saruji ambavyo fagio la chelewa halivifikii. Leo tuje kwenye mashine yenyewe, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiona kwa vijana wanaoosha magari kando ya barabara.

Ingia duka lolote la vifaa pale Kariakoo uulize mashine ya presha. Muuzaji atakuonesha boksi, na kwenye boksi atakuonesha namba. "Hii ni elfu mbili, hii hapa elfu tatu." Anazungumzia PSI, na bei hupanda kadiri namba inavyopanda. Mnunuzi mwenye haraka huondoka na ile kubwa kuliko zote ambayo mfuko wake unaimudu. Rai yangu ni kwamba kwa mtu anayetaka kuosha zege la nyumbani, namba hiyo ndiyo ya kutazamwa mwisho.

Tuweke vipimo sawa kwanza. PSI ni pauni kwa kila inchi ya mraba. Kipimo kingine cha presha ni bar, na bar 1 ni PSI 14.5. Mashine ya PSI 2000 basi ni ya bar 138, na ya PSI 3000 ni ya bar 207. Nitatumia bar, maana hesabu zake ni nyepesi.

Presha haifiki sakafuni. Huishia kwenye nozeli, kitundu kile kidogo mwisho wa bunduki, na pale hugeuka kuwa mwendo. Maji yaliyosukumwa kwa bar 100 hutoka yakiwa na kasi inayokaribia meta 141 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 500 kwa saa. Kinachoubandua ukoga ni kiasi cha maji yanayogonga, kikizidishwa kwa kasi hiyo. Sasa angalia: ukiongeza presha mara mbili huku kiasi cha maji kikibaki kilekile, kasi haiongezeki mara mbili. Inafuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo huongezeka kwa asilimia 41 tu, na nguvu ya kugonga vivyo hivyo. Lakini ukiacha presha ilivyo na ukaongeza maji mara mbili, nguvu ya kugonga nayo inakuwa mara mbili kamili. Tena maji hayohayo ndiyo yanayochukua uchafu uliobanduka na kuupeleka mtaroni. Mashine yenye presha kali na maji kiduchu hung'oa ukoga ukabaki palepale, ukawa tope la kijani linalotapakaa, na fundi akaanza kulifukuza ua mzima.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: inatoa lita ngapi kwa dakika? Wakati mwingine boksi huandika lita kwa saa. Gawanya kwa 60. Zikiwa ni galoni za Kimarekani, galoni moja ni lita 3.8 hivi.

Ukishapata namba hizo mbili, kuna hesabu moja ya kulibana boksi liseme kweli. Zidisha bar kwa lita za kila dakika, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati za kazi zinazotoka ndani ya maji yenyewe. Tuseme boksi limeandikwa bar 200, lita 8 kwa dakika, mota ya wati 1800. Bar 200 mara lita 8 ni 1600. Gawanya kwa 600, unapata kilowati 2.67. Mota inameza kilowati 1.8, halafu inatoa 2.67? Hakuna mashine ya namna hiyo duniani.

Mara nyingi aliyeandika boksi hakudanganya moja kwa moja. Presha aliyoiandika ni ile ya juu kabisa, inayopanda mara tu bunduki inapofungwa. Maji aliyoyaandika ni yale yanayopita kukiwa hakuna cha kuyabana. Kila namba ni ya kweli ikiwa peke yake, ila hazikutani. Ni kama mpagazi anayesifiwa kwa mbio zake na kwa uzito wa gunia lake, ilhali hakuna aliyewahi kumwona akikimbia na gunia. Namba unazozihitaji ni za wakati wa kazi, ambazo mashine za viwanda makini huziandika kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Kiamini kibati kuliko boksi.

Mota ya umeme na pampu yake, vyote vikiwa vizima, huingiza kwenye maji kama theluthi mbili ya umeme inaoumeza. Wati 1800 basi zitakupa kilowati 1.2 hivi, na hizo ni bar 100 kwa lita 7 za dakika. Kwa ua wa nyumba ya kawaida hiyo inatosha. Najua wapo watakaoniona mchoyo wa presha, lakini tuangalie upande wa zege.

Zege la njia ya gari, likichanganywa vizuri, huvumilia kubanwa kwa nyutoni 20 hadi 25 kwa kila milimeta ya mraba, sawa na bar 200 hadi 250. Mtu akisoma hivyo husema, "Basi mashine ya bar 150 haiwezi kulifanya chochote." Tatizo ni kwamba maji hayalibani zege peke yake. Yanaingia kwenye vitundu na nyufa, yakasukuma kutoka ndani kwenda nje, na zege likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Halafu ngozi ya juu ya zege ndiyo dhaifu kuliko yote. Fundi aliyemwaga maji mengi ili zege limlainikie aliyapandisha juu pamoja na vumbi la saruji, na vumbi hilo likaganda kuwa gamba jembamba. Penye niru ndiyo kabisa: ni tabaka la milimeta chache lililokaa juu ya jingine, na likishapata ufa maji ya presha hulichana kama ganda. Wakandarasi wanaokata zege bovu la madaraja kwa maji hutumia bar 1000 na zaidi, lakini hao wanataka kuvunja. Wewe unataka ua wako ubaki. Uso uliochanjwa mistari na kuachwa kokoto nje hunasa unyevu vizuri kuliko uso laini, na ukoga hurudi upesi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Zege jipya lisiguswe kabisa kabla ya siku 28, muda ambao wahandisi huusubiri kupima kama limefikia nguvu iliyokusudiwa.

Hapo ndipo nozeli inapoamua mambo. Mashine nyingi huja na nozeli za rangi. Nyekundu hutoa maji kama sindano, nyuzi 0. Njano hutawanya nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni, isiyo na presha ya maana. Ile nyekundu ifungie kabatini. Kwa zege la nyumbani haina kazi njema. Anza na nyeupe au kijani, simama mbali kama sentimeta 60, kisha sogea taratibu mpaka uone ukoga unaachia. Ukifika sentimeta 30 na bado haujaachia, usisogee zaidi. Panahitaji dawa, siyo nguvu. Ipo pia nozeli inayozungusha sindano ile nyekundu kwa kasi, ambayo wauzaji huisifia sana. Kwa zege gumu lisilo na niru inafaa, ila kwa mkono usiotulia huacha mapete sakafuni ambayo hayafutiki.

Kama kuna kifaa cha ziada kinachostahili pesa yako, ni sahani ya kuoshea sakafu: kifuniko cha duara chenye mkono ndani unaozunguka na nozeli mbili, unachokisukuma kama unapiga deki. Umbali wa nozeli hadi sakafuni haubadiliki, kwa hiyo haiachi milia, na matope hayarukii ukuta uliopakwa rangi juzi. Kwa mashine ya lita 7 chukua sahani ya sentimeta 25 hadi 30. Kubwa zaidi ya hapo itazunguka kwa uchovu. Ningemshauri mtu anunue mashine ndogo pamoja na sahani hiyo kuliko mashine kubwa bila sahani.

Wenye vitofali vya pevingi waongeze tahadhari moja. Vitofali hivyo havikushikwa na saruji. Hushikana kwa mchanga uliojazwa kwenye maungio. Maji ya presha yakielekezwa kwenye maungio huufukua mchanga wote, na baada ya miezi michache gari linaanza kuvikalisha upande. Lenga kwa mshazari na uweke akiba ya mchanga laini mkavu wa kufagilia ndani baada ya sakafu kukauka.

Umeme au petroli? Injini ndogo ya petroli ya nguvu farasi 6.5 hutoa kwa urahisi bar 170 na lita 10 kwa dakika. Pitisha kwenye hesabu yetu: kilowati 2.8, zaidi ya mara mbili ya ile ya umeme. Kwa mwenye ua mkubwa au anayetaka kuifanya biashara, hiyo ndiyo mashine. Lakini ina kelele, ina oili mbili za kubadilisha, ya injini na ya pampu, na ukiiacha inaunguruma huku bunduki imefungwa kwa zaidi ya dakika 2 au 3, maji yanazunguka ndani ya pampu yakichemka na sili zinaungua. Isiwashwe kamwe ndani ya gereji au penye kuta pande zote. Moshi wake una kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu.

Kwenye za umeme zipo mota za aina mbili, na muuzaji huenda asikuambie. Ya kwanza ina brashi za kaboni, ni nyepesi, inapiga kelele kali na ni ya bei nafuu. Ya pili ni ya indaksheni: nzito, mvumo wake ni wa chini, ghali, na hudumu miaka mingi zaidi. Ukishindwa kuzitofautisha kwa macho, inyanyue. Mashine za presha za nyumbani, nyepesi na za kubebeka, hazina historia ndefu. Mhandisi Mjerumani Alfred Kärcher alitengeneza mashine ya kwanza ya Ulaya ya presha kubwa na maji moto mwaka 1950, ikiwa ya viwandani. Ile ya mtu wa nyumbani kampuni yake iliitoa mwaka 1984.

Plagi yetu ya miguu mitatu ya ampea 13 mwisho wake ni karibu wati 3000, hivyo mashine inayozidi hapo haitufai. Waya wa ekstensheni uwe mnene, milimeta za mraba 2.5, na ukunjuliwe wote; waya mwembamba uliobaki umeviringishwa hupata moto, na mota inayopata umeme pungufu huungua. Mwombe fundi wako afunge kikata umeme cha miliampea 30 kwenye laini hiyo. Mashine za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120, msizikimbilie kwa sababu ya bei.

Kuna jambo ambalo wengi hulikumbuka mashine ikiwa imeshafika nyumbani: maji yanatoka wapi? Kila meta 10 za kimo hutoa bar 1. Simtanki lililo juu ya mnara wa meta 3 linakupa bar 0.3 tu, na mpira mrefu mwembamba unapunguza hata hizo. Pampu ikikosa maji ya kutosha huvuta hewa, ikaanza kugongagonga na kujila yenyewe. Kipimo ni rahisi. Chukua ndoo ya lita 20, fungua mpira utakaoutumia, tazama saa. Ikijaa ndani ya dakika 2, una lita 10 kwa dakika, na mashine ya lita 7 itafanya kazi kwa raha. Ikichukua dakika 3 au zaidi, tafuta mashine yenye uwezo wa kufyonza maji kutoka kwenye pipa, na uulize hilo waziwazi kabla ya kulipa. Kwa lita 7 kwa dakika, saa moja inameza lita 420. Simtanki la lita 1000 litakwisha kabla ya saa mbili na nusu. Anayenunua maji ya boza afanye hesabu hiyo pia.

Wenye visima vya maji ya chumvi, ambao Dar es Salaam ni wengi, wajue kuwa chumvi hula kichwa cha pampu cha aluminiamu. Chagua mashine yenye kichwa cha shaba nyeupe, weka kichujio mdomoni mwa mpira, na ukimaliza kazi pitisha ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuihifadhi.

Baada ya yote hayo, sidhani kila nyumba inahitaji kununua. Mwenye ua mdogo unaooshwa mara moja au mbili kwa mwaka atapata nafuu kukodi, au majirani watatu wanunue moja ya indaksheni kwa pamoja. Mashine inayokaa stoo miezi kumi hukauka sili zake. Anayenunua aulize sili na oringi za akiba zinauzwa wapi, na aombe iwashwe kwa maji halisi palepale dukani. Muuzaji akikataa, ameshakujibu.

Na watoto wakae mbali. Maji haya hupenya ngozi na kiatu cha kitambaa. Vaa gambuti na miwani, usivae ndala. Yakimchoma mtu, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na daktari aambiwe ni maji ya presha, maana madhara hukaa chini ya ngozi pasipoonekana.

Wiki ijayo: madoa ya oili, kutu na majani ya mkungu, ambayo hakuna presha inayoyaondoa, pamoja na sababu za kutochanganya jiki na siki.