Ada ya wakili: panapopungua na pasipopungua

Mkazi wa Mraru ambaye shamba la familia bado liko kwa jina la marehemu baba yake, akifika Voi kutafuta wakili huuliza mambo mawili: ni pesa ngapi, na je, hakuna punguzo?

Jibu la swali la pili huwashangaza wengi. Ada za mawakili nchini hutangazwa na Jaji Mkuu chini ya Sheria ya Mawakili. Amri inayotumika ilirekebishwa 2014. Viwango vyake ni vya chini kabisa, na kifungu cha 36 kinasema ni kosa wakili kujinadi kwa ada iliyo chini ya hapo. Kwa hiyo anayeahidi bei ya kutupa atiliwe shaka. Huenda hata si wakili. Tovuti ya Chama cha Mawakili (LSK) huonyesha nani ana leseni ya mwaka huu.

Juu ya kiwango hicho mnaweza kuelewana. Mwombe wakili atenganishe ada yake na malipo ya mahakama, na udai risiti ya kila shilingi. Ukiletewa bili usiyoielewa, inaweza kupelekwa kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu aikague na kuipunguza. Lakini ukishatia sahihi makubaliano ya ada, ukaguzi huo haupo tena. Itabidi uiombe mahakama iyafute kwa kuwa ni ya dhuluma. Soma kabla ya kusaini. Walioumia barabarani nao wajue kwamba mpango wa wakili kulipwa tu kesi ikishinda hautambuliwi na sheria.

Nafuu ya kweli iko katika kupunguza kazi ya wakili. Sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili katika mirathi. Familia ikiwa na cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote na stakabadhi za shamba, inaweza kufungua faili yenyewe mahakamani. Ombi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 30 hutolewa kwa mwenye pingamizi. Hapo ndipo gharama hupanda. Mabinti wakiachwa nje ya barua, eti kwa sababu wameolewa, mmoja wao akipinga faili inageuka kesi ya miaka. Sheria ya Urithi haibagui mtoto wa kike.

Deni au hasara isiyozidi shilingi 1,000,000 inaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unajitetea mwenyewe na uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Migogoro ya ardhi haisikizwi huko. Asiye na uwezo kabisa anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016.

Serikali ya kaunti haina mamlaka juu ya mawakili. Aliyelipa na kazi haikufanywa apeleke malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Huduma hiyo ni bure.