Uteuzi wa Manifoldi ya Kuingiza Hewa kwa Injini ya Gari la Barabarani
Manifoldi ya kuingiza hewa hugawa mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kwenye kabureta hadi katika kila silinda. Kwa injini ndogo za V8 za Chevrolet, zilizoanza na magari ya mwaka 1955, aina mbili hulinganishwa. Ya kwanza ina vyumba viwili, kila kimoja kikilisha silinda nne kwa njia ndefu. Hivyo mchanganyiko hudumisha kasi hata injini inapozunguka polepole. Ya pili ina chumba kimoja na njia fupi zilizonyooka, na hufaa mashindanoni. Kampuni ya Edelbrock hupendekeza Performer kwa mizunguko isiyozidi 5,500 kwa dakika, na Victor Jr. kwa 3,500 hadi 8,000. Gari la barabarani aghalabu huendeshwa chini ya 3,500. Kwa hiyo, anayeteua kwa kutazama kilele cha nguvu pekee hupata gari linalosita kuondoka. Kigezo stahiki ni mizunguko ya matumizi ya kila siku.