“Si Chini ya” Maana Yake Si Chini

Mama anayetoka Lubunga na bidhaa za kuuza Makiso hana budi kuuvuka Mto Kongo. Tuseme mtumbwi wake hubeba mzigo usiozidi kilo 600, gunia la makaa lina kilo 50, na mkungu wa ndizi kilo 20. Apakie magunia mangapi na mikungu mingapi?

Mwanafunzi aliyezoea milinganyo hutafuta jibu moja, nalo hapa halipo. Magunia yakiwa x na mikungu y, tunaandika 50x + 20y ≤ 600. Tukigawa kwa 10, 5x + 2y ≤ 60. Magunia 8 na mikungu 10 ni kilo 600 kamili: mtumbwi umejaa, lakini unavuka. Magunia 6 na mikungu 10 ni kilo 500: nafasi imebaki. Magunia 10 na mikungu 6 ni kilo 620: kuna kitu lazima kishushwe.

Kwenye grafu, mstari unatoka 12 katika mhimili wa magunia hadi 30 katika mhimili wa mikungu. Mstari huo ndio mtumbwi uliojaa. Tutie kivuli upande gani? Jaribu sifuri, yaani mtumbwi mtupu. Mtumbwi mtupu hauzami, basi kivuli kinakaa upande wake. Magunia na mikungu haviwezi kuwa hasi, na tukihesabu vizima tu, kila nukta ya namba kamili humo ni safari inayowezekana. Hata zile 5 na 2 zinasema jambo: shusha magunia 2, utapata nafasi ya mikungu 5.

Wengi hawakwami kwenye kuzidisha, wanakwama kwenye maneno. Tuseme mteja ameagiza “si chini ya magunia 4”. Mwanafunzi anaona “chini”, anaandika x < 4, na agizo limepinduka. Sahihi ni x ≥ 4. “Angalau 4” ni vivyo hivyo, ingawa neno lenyewe linasikika dogo. “Yasizidi 4” ni x ≤ 4. “Pungufu ya 4” ni x < 4: 4 yenyewe haimo, ndiyo maana mstari wake huchorwa kwa vikato.

Kabla ya kuchagua alama, nawasihi walimu na wazazi wamwulize mtoto: mteja huyu akiletewa magunia 3, atakubali? Akiletewa 4 je? Na 5? Majibu hayo matatu yataichagua alama yenyewe.

Kisha hesabu irudishwe kuwa maneno, kwa sababu mwenye mzigo hakuuliza habari za x. Magunia 4 ni kilo 200, zimebaki 400. Mtoto aliyeelewa ataandika hivi: “Mama, ukichukua magunia 4 ya mteja wako, mikungu isizidi 20.”