Fahamu: Jina Lupita limetoka wapi?

Mwigizaji Lupita Nyong'o alipotwaa Oscar mwezi Machi 2014, Kenya nzima ilishangilia. Lakini binti wa Kijaluo alilipataje jina hilo?

Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akifundisha huko. Lupita ni Guadalupe iliyofupishwa kwa mapenzi, na Guadalupe ni jina la Bikira Maria ambaye Wakatoliki huamini alimtokea mwenyeji wa Mexico aitwaye Juan Diego mwaka 1531. Asili ya jina hilo ni Hispania, na mwanzo wa neno lenyewe ni wa Kiarabu: wadi, bonde la mto.

Kule Mexico akina Lupita wamejaa.

Jina lake la pili, Amondi, ndilo la nyumbani hasa: Wajaluo humpa msichana aliyezaliwa alfajiri.