Ngamia Hapiti Pale

Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimefundisha Jiografia katika shule za nyanda za juu. Kila mwaka nilipoifikia sura ya majangwa nilisema maneno yale yale: Chalbi ni jangwa halisi la nchi yetu, mvua ni haba, mimea ni haba, watu ni haba. Kisha nilifuta ubao na kuingia sura ya misitu. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza iwapo nimefika huko. Laiti angaliuliza, ningalitahayari mbele ya darasa zima.

Likizo ya Agosti mwaka 2024 ndiyo iliyonitoa ujinga huo. Rafiki yangu, ambaye ni dereva, alikuwa akipeleka shehena ya vitabu vya shule North Horr, nami nikaomba nafasi katika gari lake. Tuliondoka Marsabit kabla ya jua kuchomoza. Barabara ya lami iendayo Moyale ilitufikisha Bubisa bila ya taabu, na hapo tukaiaga lami tukaelekea magharibi. Tangu hapo hadi Maikona gari halikuenda bali lilirukaruka juu ya mawe meusi yaliyotemwa na volkano za kale, hata meno yakagongana kinywani.

Maikona tulimchukua mzee mmoja wa Kigabra aliyekuwa akienda kwao, naye akakubali kutuonyesha njia. Dereva alipunguza upepo wa matairi ili yatandazike na kuelea juu ya mchanga badala ya kuzama. Tulikuwa na sepetu, mbao mbili, na madumu matatu ya maji. Kasoro yetu ilikuwa moja: tulikuwa na gari moja tu, ilhali wazoefu wa jangwa hawasafiri chini ya mawili.

Mpenzi msomaji, Chalbi haifanani na majangwa ya picha za vitabuni. Matuta ya mchanga yapo, hasa upande wa North Horr, lakini moyo wa jangwa hili ni uwanda wa udongo na chumvi, mweupe na sawasawa kama meza. Yapata miaka 10,000 iliyopita hapo palikuwa na ziwa. Hata leo mvua kubwa zikinyesha, maji huteremka kutoka milima ya Huri na Marsabit yakatuama uwandani. Jua huukausha uso, lakini chini ya gamba hilo jeupe tope laweza kubaki kwa muda mrefu. Mwaka huo mvua za Machi hadi Mei zilikuwa za mafuriko nchini kote.

Yote hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyafundisha. Hata hivyo, tulipoushika uwanda na kuona nyayo za ngamia zikipinda kwa mbali kuelekea kaskazini, mimi ndiye niliyefungua ramani nikamwonyesha dereva kwamba Kalacha iko mbele yetu moja kwa moja. Kwa nini tuzunguke? Mzee alitazama weupe ule, akasema kwa upole, "Mwalimu, ngamia hapiti pale." Nikamjibu kwamba ngamia hana injini. Hakubishana nami. Heshima aliyonipa kwa ajili ya cheo changu ndiyo iliyotuponza.

Hatukumaliza kilomita mbili. Gamba lilipasuka kwa mlio kama wa kigae, na gari likaketi hadi kwenye ekseli. Kila dereva alipokanyaga mafuta, magurudumu yalijichimbia kaburi. Mzee akamwamuru azime injini. Tangu dakika hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu. Alitukataza kuondoka kwa miguu kutafuta msaada jua likiwa utosini, kwani mbele yetu ziwa zima la maji lilimetameta nasi tulijua kuwa ni mazigazi. Aliyapima maji ya kunywa kwa kikombe. Kisha akatuketisha kwenye kivuli cha gari tungoje joto lipungue ndipo tuchimbe.

Alasiri tulipokuwa tukichimba, walitokea vijana wawili wakichunga ngamia. Waliweka fimbo chini wakashika sepetu bila ya kuombwa. Mdogo wao, mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi, alipanda nyuma kutupunguzia mzigo, akaanza kusoma kwa sauti majina ya vitabu kwenye majalada. Alisoma vizuri. Nilipomuuliza yuko darasa la ngapi, alisema aliacha shule wakati wa ukame, mifugo ilipohamishwa mbali. Nilifahamu ukame aliousema: ni ule wa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo. Halafu akaniuliza, "Vitabu vimekuja. Na mwalimu je?"

Sikuwa na jibu. Tuliweka mbao, tukasukuma, gari likatoka kinyumenyume kwa njia ile ile tuliyoingilia. Tukazifuata nyayo za ngamia kwa unyenyekevu, tukafika Kalacha kwenye mikoma na chemchemi yake baada ya jua kutua. Kule nilikosema hakuna watu nilikuta umati wa ngamia, mbuzi na wenyewe wakinywa maji kwa zamu iliyopangwa.

Swali la yule mtoto halijaniacha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 459,000 katika Kaunti ya Marsabit. Hao si haba. Lakini taifa letu lilijifunza mapema kuwatazama kama mimi nilivyoutazama uwanda ule, yaani kama pahali peupe kwenye ramani. Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha. Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kusahihisha: Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Ni jambo jema. Ila mwalimu hayumo katika orodha hiyo, nasi walimu wa nyanda za juu tunajua jinsi tunavyoomba uhamisho tukitajiwa tu kaskazini.

Yapo mambo yanayowezekana. Shule zinazohama pamoja na mifugo zimekwisha kujaribiwa nchini. Kinachotakiwa ni kuzipa walimu wa kudumu na marupurupu yanayolingana na ugumu wa kazi. Vijana wa huko wahimizwe na kusaidiwa kuingia vyuo vya ualimu, kwa kuwa wao hawataona nyumbani kwao kuwa ni adhabu. Na sisi tulioko mbali tuache kuwafundisha watoto wetu kwamba theluthi nzima ya ramani ni utupu. Mtoto aliyefundishwa hivyo ndiye atakayekuwa ofisa wa kesho, akiketi Nairobi na rula yake, akichora mstari ulionyooka.

Muhula uliofuata niliifikia tena sura ya majangwa. Niliwaeleza wanafunzi habari za gamba la chumvi, za ziwa la kale, na za mzee aliyejua palipo na tope kwa kutazama nyayo. Kisha nikawauliza swali la yule mchungaji. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma aliinua mkono, akauliza, "Mwalimu, wewe ungekubali kwenda?"

Nilimwambia ukweli: bado ninatafakari. Barua yangu ya maombi ingali mezani, haijatiwa sahihi.