Volani kulia, njia kulia: gari la kwanza Bwegera

Ziwa Tanganyika limetenganisha madereva wa aina mbili. Ng'ambo ya mashariki, Kigoma, magari hupita kushoto. Upande wetu, kuanzia Bujumbura, kuzunguka kichwa cha ziwa hadi Uvira, Baraka na Kalemie, hupita kulia. Ni urithi wa wakoloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mwingereza alikabidhiwa Tanganyika. Mbelgiji, ambaye tayari alikuwa Kongo, akakabidhiwa Rwanda na Burundi, na kila mmoja akaacha upande wake wa barabara. Jambo hilo lisingetusumbua watu wa Bwegera, katika Bonde la Ruzizi, kama magari yetu yangekuwa yametengenezwa kwa barabara kama zetu. Lakini mengi yanatoka Japani, nchi inayopita kushoto na kuweka volani kulia. Yanashushwa bandari ya Dar es Salaam na kuikata Tanzania yote yakiwa bado upande wake. Yakishavuka mpaka wa Kabanga na Kobero kuingia Burundi, yanahamia kulia. Kisha Bujumbura, Gatumba, Kavimvira, Uvira, na hatimaye yanapanda barabara ya taifa namba 5 kupitia Kiliba na Sange hadi kwetu.

Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu wawili. Wa kwanza yuko Bwegera, amepata gari lake la kwanza, pengine kwa jasho la mpunga na mihogo, pengine kwa pesa zilizotumwa na jamaa. Wa pili ni yule jamaa mwenyewe, aliyeko Marekani, Canada au Australia. Wengi wetu tulioko nje tulishika volani kwa mara ya kwanza huku ugenini: gari la otomatiki, volani kushoto, lami kila mahali, duka la kubadili oili kila mtaa. Halafu tunapiga simu nyumbani na kutoa mashauri yanayofaa huku, siyo kule. Gari la Bwegera lina shida zake zenyewe, na ni heri zijulikane kabla ya kununua.

Nianze na volani, kwa kuwa ndiyo inayoua. Ukiwa na volani kulia katika nchi inayopita kulia, unaketi upande wa mtaro. Lori likiwa mbele yako, huoni kitu zaidi ya mgongo wake. Ili uone kama njia ni nyeupe, inabidi nusu ya gari lako iwe imeshaingia upande wa wanaokuja, na hapo umechelewa. Dawa ni kukaa mbali na lori. Ukiacha nafasi ya kutosha, lori halikuzibi macho, na unaiona barabara ndefu mbele yake kabla hujaamua lolote. Kwenye kona inayopinda kulia utaona vizuri kuliko dereva wa volani kushoto, kwa hiyo itumie kona hiyo kutazama mbali, lakini usipite hapo. Subiri njia inyooke. Na abiria aliyeketi mbele, upande wa kushoto, ambaye macho yake yako katikati ya barabara, mpe kazi moja tu: aruhusiwe kusema “subiri”. Asiruhusiwe kusema “pita”. Uamuzi wa kupita ni wa yule mwenye volani peke yake, na kama hajaona kwa macho yake mwenyewe, hapiti.

Taa nazo zilitengenezwa kwa upande mwingine. Taa za gari la Japani, hata zikiwa zimeinamishwa, hutupa mwanga juu kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kule Japani kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara, kwenye waendao kwa miguu na vibao. Ukilileta gari hilo Kongo, kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampiga mwanga usoni hata kama umeinamisha taa kwa adabu zote, naye akipofuka kwa sekunde mbili anaweza kuja upande wako, au kumgonga mtu wa baiskeli asiyekuwa na taa. Ukiweza kupata taa zilizotengenezwa kwa njia ya kulia, zifunge. Usipoweza, mwambie makanisiye azishushe, akipima ukutani gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa maana gunia tatu nyuma huinua pua ya gari, na taa huinuka pamoja nayo.

Lipo jingine ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Hiace na Noah nyingi za zamani zina mlango mmoja wa kusukuma, nao uko kushoto. Japani mlango huo hufungukia ukingoni, mahali salama. Bwegera hufungukia katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni mkononi anashuka moja kwa moja mbele ya lori linalotoka Uvira. Kama gari lako la kwanza ni la kubeba watu, tafuta lenye milango pande zote mbili. Kama umeshanunua la mlango mmoja, egesha nje kabisa ya lami, shuka wewe kwanza, simama mlangoni, tazama pande zote, ndipo abiria washuke. Dakika moja hiyo usiione kuwa hasara.

Tuje kwenye gari lenyewe.

Kitabu cha gari kina ratiba mbili za matunzo. Ya kwanza ni ya matumizi ya kawaida, na ndiyo sisi wa ugenini tunaijua: oili kila kilomita elfu kumi au zaidi. Ya pili ni ya mazingira magumu, na kitabu chenyewe kinayataja: vumbi, mzigo mzito, njia mbovu, safari fupifupi, kutembea polepole kwenye joto. Soma tena orodha hiyo ukifikiria Bonde la Ruzizi. Kila neno ni letu. Kwa hiyo ndugu wa ng'ambo anaposema “mimi hubadili oili mara moja kwa mwaka,” hasemi uongo, ila anasoma ratiba ya kwanza. Bwegera ni ya pili. Badili oili na filta yake kila kilomita elfu tano, na mapema zaidi kama oili uliyopata ni ile ya bei ya chini. Injini ya 1.5 ya Probox hula karibu lita 3.7, maana yake kidumu cha lita nne kinatosha na kubaki tone la kuongeza. Kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, chomoa kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena, utazame. Kazi hii ifanywe na mwenye gari, siyo na makanisiye wala shofere wa kuazima.

Vumbi linaingia kupitia filta ya hewa. Wakati wa kiangazi, magari yanapofuatana kwenye njia ya udongo, filta hujaa haraka kuliko mtu anavyodhani, na injini iliyokosa hewa hunywa esansi bila kwenda. Ifungue mara kwa mara, uipulizie hewa kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa esansi, karatasi yake huharibika na mchanga hupita hadi kwenye silinda.

Joto ni habari ndefu zaidi. Uso wa ziwa uko kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bukavu iko karibu mita 1,500. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hukutana nawe kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Anayeshuka na mzigo huku akikanyaga freni mfululizo huzichemsha. Kwanza utasikia harufu ya kuungua, kisha pedali inakuwa laini, kisha inazama hadi chini na gari halisimami. Majimaji ya freni huvuta unyevu wa hewa kwa miaka, na unyevu huo ukichemka unakuwa mvuke, nao mvuke hausukumi kitu. Ndiyo sababu hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama hayajapungua. Na ndiyo sababu mteremko hushukwa kwa gia ndogo: kwa gari la gia za mkono, gia ya pili, kwa otomatiki, weka 2 au L, uache injini ilizuie gari, freni iwe ya kusaidia tu. Kuna madereva wanaotoa gia, wengine hata kuzima injini, ili kuokoa esansi. Injini ikizimika, nguvu ya kusaidia freni huisha baada ya kukanyaga mara chache, na volani inakuwa nzito. Usipande gari la mtu anayefanya hivyo, hata kama ni shemeji yako.

Kupanda ni shida ya maji. Bukavu maji ya kawaida huchemka karibu nyuzi 95, na kinachoyazuia kuchemka ndani ya radiatere ni kifuniko kinachobana shinikizo. Kifuniko kilichochoka ni kitu cha bei ndogo kinachoua injini ya bei kubwa. Maji ya mto au ya kisima huleta kutu na matope ndani ya mishipa ya radiatere. Tumia maji ya rangi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukikosa, tumia maji safi yaliyochujwa hadi utakapopata. Gari likichemka, egesha, zima, fungua kapo, na usiguse kifuniko hadi kipoe kabisa. Watu wameungua uso kwa haraka ya dakika kumi. Na makanisiye akitaka kutoa termostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, mkatalie. Injini isiyofikia joto lake hula esansi zaidi na kujitafuna.

Matairi nitayapitia upesi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna karatasi ya Kijapani yenye namba kama 220 au 230. Hizo ni kilopaskali, na kwa lugha ya garaji zetu ni kilo 2.2 au 2.3. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kwa tairi la mitumba, tafuta tarakimu nne ubavuni: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka kwenye joto la bondeni.

Esansi ya vidumu vya kando ya njia, ukilazimika kuinunua, ichuje, na usiache tanki likauke, kwa sababu pampu iliyomo ndani hupozwa na esansi yenyewe. Na sababu ya pili ya kutunza mafuta tankini ni ya kusikitisha. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa na waasi wa M23, maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Gari linalowaka mara moja na lenye mafuta ni wokovu wa familia siku kama ile.

Mvua nayo ina historia yake. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu wengi na kubomoa nyumba. Katika miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda hadi kufunika barabara upande wa Kavimvira. Maji yakipita katikati ya gurudumu, au kama huoni chini yake kuna nini, usiingie. Injini ikinyonya maji hupinda vyuma vyake mara moja, na maji yanayokwenda kasi hulibeba gari hata kama hayafiki kiunoni.

Halafu Sange. Tarehe 2 Julai 2010, usiku wa mechi ya Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka pale, kwenye njia hiihii tunayopita kwenda Uvira. Watu walikusanyika, wengine wakikinga mafuta, wengine wakiwa ndani ya vibanda wakitazama mpira. Moto ulipolipuka waliangamia zaidi ya 230, wengi wakazikwa pamoja bila kutambuliwa. Kila mwenye gari la kwanza katika bonde letu anapaswa kujua ya kufanya akikuta lori la namna hiyo chini: simama mbali, zima injini, usiwashe sigara wala kitu chochote chenye moto, warudishe watu nyuma kwa sauti, hasa watoto, kisha geuza gari urudi ulikotoka. Usipite pembeni yake. Usikubali mtu ajaze kidumu kwenye gari lako.

Karatasi: permi, kati rozi (kadi ya gari), bima, ukaguzi. Ziwe halisi na ziwe ndani ya gari, nakala zibaki nyumbani. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na ndiyo inayotaka ukae kulia, popote ilipo volani yako. Usinunue permi kabla ya kujua kuendesha. Jifunze kwanza asubuhi mapema, siku isiyo ya soko, ukiwa na mtu mzima aliyezoea barabara ya Bwegera hadi Luberizi, ng'ombe wake na baiskeli zake.

Neno langu la mwisho ni kwa ndugu wa ng'ambo. Tunapenda kutuma gari, kupiga picha yake, kisha kunyamaza hadi siku linapokufa, na hapo tunamlaumu shofere. Kama huwezi kutuma gari pamoja na oili ya mwaka mzima, matairi manne yenye tarehe nzuri, freni mpya na kifuniko cha radiatere, basi nunua gari la bei ndogo zaidi ili hayo yote yapatikane. Na ukipiga simu nyumbani, kabla ya kuuliza gari limeingiza ngapi, uliza abiria wanashukia upande gani.